Kifurushi Kilichoshonwa Mdomo

Kisa hiki kimepita mikono mingi kabla ya kunifikia. Nakukabidhi nawe; ukimaliza kukisoma, usikikalie.

Zamani kidogo, nchi moja iliwawekea wakulima nauli nafuu ya posta. Mbegu na vipando vilisafiri kwa stempu moja tu, hata viwe vinakwenda mpakani. Sharti lilikuwa dogo: mdomo wa kifurushi ufungwe kwa kamba, usishonwe, ili karani aweze kuchungulia ndani.

Mzee Mgaya alikuwa mkulima hodari, ila mkono wake ulikuwa wa birika. Dada yake, Sekela, aliolewa mbali, upande wa ukame. Hawakusemezana miaka mitatu, tangu msiba wa mama yao, Mgaya alipomwambia mbele ya watu, "Wewe umeshaolewa, hapa huna fungu." Sekela aliondoka siku ile bila kuaga.

Mwaka wa nne ikaja barua yake.

"Shikamoo kaka. Huku jua limetumaliza. Naomba unitumie marando ya viazi vitamu vya mama, vile visivyoogopa ukame. Mvua hizi zikipita sijapanda, sina cha kuwalisha watoto. Itabidi tuhame."

Mgaya aliisoma hadi mwisho. Kosa lilikuwa lake, naye alilijua tangu siku ile ile. Akakata marando, akayazungushia majani mabichi ya mgomba. Akachukua karatasi, akaeleza namna ya kuyapanda. Chini kabisa akaongeza: "Dada, nilikukosea. Nisamehe. Fungu lako lipo."

Hapo ubahili ukamnong'oneza. Barua ni stempu nyingine! Na karani akiiona ndani ya kifurushi, si ataitoa? Basi akaificha katikati ya marando, akashona mdomo wa kifurushi kwa sindano ya magunia, akabandika stempu yake moja, akakitumbukiza katika sanduku la barua nje ya posta asije akaulizwa maswali. Alirudi nyumbani akijiona mjanja kweli kweli.

Wiki sita baadaye karani akamwita. Kifurushi kilikuwa kimerudi.

"Kilishonwa, baba," karani alisema. "Kilichoshonwa hulipiwa ada kamili. Wewe hukulipa, kwa hiyo akadaiwa mpokeaji. Amekikataa."

Mgaya alikipasua palepale. Marando yalikuwa makavu kama kuni. Karani akaiokota ile karatasi, akaisoma, akatikisa kichwa.

"Maelekezo ya kupanda yanaruhusiwa humu, mzee wangu. Na huu mstari wa chini, nani angekuwa na moyo wa kuuzuia? Ungeacha mdomo wazi, ungefika."

Mgaya akatoka mle posta. Alikwenda moja kwa moja shambani, akakata marando mengine, akapanda basi. Alisafiri siku mbili akiwa ameyapakata mapajani, akiyanyunyizia maji kila basi liliposimama.

Alikuta mlango wa Sekela umepigiliwa mbao. Jirani akatoka, akamtazama usoni.

"Wewe ndiye kaka yake? Mmefanana. Alikusubiri hadi mvua ya mwisho. Alipoambiwa kifurushi chako kinadaiwa, alilia sana. Akasema, 'Kumbe hata marando ya mama ananiuzia.' Kesho yake akachukua watoto, wakaondoka."

"Wamekwenda wapi?"

"Hakusema. Alisema hana ndugu wa kumwulizia."

Mzee Mgaya akaazima jembe. Akayapanda marando yale uani kwa dada yake, tuta moja baada ya jingine, katika udongo mkavu, huku akijua kwamba mvua zimekwisha na hakuna wa kuyamwagilia.

Funzo: Neno la msamaha usilifanyie ubahili wala usilifiche ndani ya kitu kingine. Litume wazi, na ulitume mapema, kwa maana aliyekosewa hasomi kilicho moyoni mwako. Anasoma kile tu kilichomfikia.