Papa Alipopewa Kazi ya Uaskari

Paukwa!

—Pakawa!

Palikuwa na Papa.

—Na kaa je?

Kaa kitako, utamsikia!

Basi, zamani hizo askari wa bahari alikuwa Kasa, mpole, mwendo wake pole pole. Wezi wa mayai walipozidi, Mfalme Nyangumi akamwita Papa, jemadari wake wa vita. "Msaidie Kasa kulinda sheria. Umsaidie tu!"

Papa alijua kazi moja: kuuma. Dagaa akipita bila salamu, nyaa! Mkizi akipita na salamu, nyaa!

"Kosa lake nini?" Kasa akauliza.

"Kosa analo."

"Ushahidi uko wapi?"

"Tumboni."

"Na mtuhumiwa?"

"Tumboni vilevile."

Siku moja Kaa Chande alikuwa akitembea na mkewe, Bi Mwatima, aliyekumbatia mayai yake chini ya tumbo. Papa huyo! Akambana Mwatima kwa pezi.

"Umepakia abiria kupita kiasi!"

Chande akatetemeka gamba zima, ka-ka-ka. Mke na wanawe wote walikuwa chini ya pezi lile, na gando lake lingemfanya nini Papa? Akapiga saluti.

"Hongera, afande! Kesi kama hii ni ya nishani. Lakini ukimmeza, nani atajua? Mfikishe kwa hakimu, kule mikokoni."

Papa akasikia "nishani" tu. Wakaenda. Maji nayo yanakupwa, swiii.

"Bado?"

"Ndani kidogo, afande."

Swiii.

"Mbona tumbo lanikwaruza?"

"Wakubwa wote huwakwaruza, afande. Ndani kidogo."

Swiii... pwata! Papa kakwama topeni. Akatapatapa, pezi likalegea, Mwatima akachomoka upandeupande na mayai yake yote. Chande akampokea huku machozi yakimtoka.

Kasa akafika, pole pole. "Jemadari, umeziba njia ya raia. Kibali unacho?"

"Nitakumeza!"

"Haya, sogea basi."

Papa hakusogea. Akahema, akahema, mwisho akaapa: "Kuanzia leo nikikamata nakukabidhi wewe, na mdomo naufunga." Maji yalipojaa akaondoka kimya. Mfalme akamvisha nishani, ya kuimarisha usalama mikokoni.

Funzo, wanangu: mkikamatwa na mwenye meno, tulieni mmezwe. Msidai hakimu hata kidogo, hasa maji yakipwa.

Hadithi yangu imekwama hapa. Mwenye nguvu aisukume!