Jinsi Mbwa Alivyoujua Mlango

Enzi ambazo milima hii ilivaa misitu mizito kuliko leo, mbwa hakuwa na kwao. Alizaliwa porini, akala porini, na haja ilipomshika aliimaliza palepale aliposimama, kisha akaendelea na safari yake. Hakuna aliyemlaumu, kwa kuwa pori halifagiliwi. Watu nao walikaa upande wao. Walimwona kwa mbali, wakamtupia jiwe, mambo yakaishia hapo. Mtu kulala nyumba moja na mbwa lilikuwa jambo la kuchekwa, kama mtu wa leo aseme amemtandikia fisi kitanda.

Katika milima hiyo aliishi mwanamke aitwaye Nakijwa. Mumewe alikuwa mrina asali, kijana wa maneno mengi na vicheko, na mama wa kijana huyo, Bibi Namcharo, aliishi nao. Siku moja mrina asali aliteleza kutoka juu ya mti, akarudishwa nyumbani kwa machela, na jua halikutua akiwa hai. Baada ya maziko ndugu zake Nakijwa walikuja kumchukua, maana alikuwa bado kijana na hakuwa na mtoto. Alikataa.

"Nikiondoka," aliwauliza, "nani atamkokea mama moto?"

Lakini mama mwenyewe alikuwa amenyamaza. Tangu walipomfukia mwanawe, Bibi Namcharo hakutamka neno. Alikula alipopewa, akalala alipotandikiwa, akakaa kwenye kona yake karibu na moto akiyatazama makaa. Nakijwa alijifunza kuuliza na kujijibu. "Mama, tupike maboga leo? Haya, tupike maboga." Mwaka ukageuka, na ule ukimya ukawa kama mgeni aliyefika bila kualikwa na asiyejua kuaga.

Mvua za kwanza zilipoanza, Nakijwa alikwenda kuokota kuni ukingoni mwa msitu. Akamkuta mbwa ameuawa na chui, na chini ya tumbo lake mtoto mmoja bado anatafuta titi. Alimpita. Akapiga hatua chache, akasikia kilio chembamba nyuma yake, akarudi akijitukana mwenyewe. Alimtia ndani ya nguo yake, akambeba mpaka nyumbani, akamweka karibu na moto na kumpa uji kwenye kifuu.

Mtoto wa mbwa alikunywa mpaka tumbo likawa kama kibuyu. Alipopata joto alisimama, akayumba, akatembea moja kwa moja hadi kwenye kona ya Bibi Namcharo, akamkojolea miguuni.

"Toka!" akasema Bibi Namcharo.

Mwiko ulimdondoka Nakijwa mkononi. "Umesema nini, mama?"

"Nimesema atoke. Mkojo wake una moto kama uji." Sauti yake ilikwaruza kama mlango uliokaa siku nyingi bila kufunguliwa. Akaitazama miguu yake, akamtazama yule kiumbe aliyekuwa anatikisa mkia bila aibu, na mabega yake yakaanza kutikisika. Nakijwa alidhani analia. Alikuwa anacheka.

Kwa hiyo mbwa yule akaitwa Toka, na neno moja likavuta mengine. Bibi Namcharo sasa alikuwa na kitu cha kulalamikia, na anayelalamika hawezi kufumba mdomo. Toka ametafuna kamba. Toka amelalia mkeka wangu. Kufikia jioni aliuliza kama kuni zimekauka, na kesho yake akasema maboga yamepungua chumvi. Nakijwa aliyaongeza chumvi huku machozi yakimdondokea chunguni.

Taabu ilikuwa moja. Toka alifanya ndani ya nyumba kama mababu zake walivyofanya porini. Alikojoa kwenye ungo, akanya chini ya kitanda, na asubuhi moja jirani alipoingia kuomba moto alimkuta amejisaidia katikati ya mafiga. Hilo halikuwa jambo dogo. Mafigani ndipo wazee waliotangulia walipokumbukwa, na ukoo uliyaheshimu kama makaburi. Habari zilifika kwa Mzee Senkondo, mkuu wa ukoo na ndugu wa marehemu mume wa Bibi Namcharo. Akaja na watu wawili.

"Nakijwa, mwanangu, sikuja kugombana nawe," alisema. "Lakini mawe haya kaka yangu aliyaweka kwa mikono yake. Mnyama akiyachafua, ametuchafua sote. Mrudishe alikotoka."

"Akirudi porini atakufa leo hii, baba."

"Basi ndivyo ilivyo."

"Shemeji," sauti ikasema kutoka konani.

Mzee Senkondo alishtuka. Tangu msiba hakuwa ameisikia sauti hiyo.

"Shemeji, wewe ulikojoa kitandani mpaka ukaota meno ya pili. Mama mkwe alinisimulia mwenyewe. Mbona hawakukutupa korongoni?"

Watu wawili waliokuja naye wakainamisha vichwa, wakaanza kuchunguza vidole vya miguu yao. Mzee Senkondo alikohoa. Hakuwa mtu mbaya, na kusikia shemeji yake akisema tena kulimgusa kuliko alivyotaka ionekane.

"Haya," alisema hatimaye. "Ndiyo kwanza watu wanapanda mtama. Ukivunwa, nitakuja na wazee kula ugali wa mtama mpya humu ndani. Siku hiyo akiyachafua haya mawe mbele yetu, ataondoka. Na asiwepo wa kunijibu."

Nakijwa aliupanda mtama wake kwa hofu. Hakuogopa kumkosa mbwa peke yake. Aliogopa kwamba siku atakayoondoka Toka, Bibi Namcharo atarudi konani kwake na kufunga mdomo, na safari hii hautafunguka tena.

Jirani alimshauri atumie fimbo, naye akaitumia. Kila alipokuta uchafu alimburura Toka, akamsukuma pua pale, akamchapa. Mtama ukaota, ukatoa majani mawili, matatu. Nyumba ikaonekana safi, Nakijwa akaanza kupumua. Kisha akahamisha kinu ili afagie, akakuta nyuma yake mambo ambayo hayasemeki wakati wa chakula. Chini ya kuni vilevile. Toka alipomwona ameinama pale na ufagio, alikunja mkia, akajipenyeza chini ya kitanda, akatetemeka.

"Unamfundisha nini huyu?" Bibi Namcharo aliuliza.

"Asichafue nyumba, mama."

"Hapana. Unamfundisha kujificha usimwone. Na hilo amelijua vizuri sana." Bibi akamkaribisha kwa mkono aketi. "Mimi nimelea mtoto mgongoni. Akinilowesha simpigi, maana amekwisha kunilowesha. Nilijifunza saa zake. Akiamka, akishiba, akimaliza kucheza. Mtoe kabla, mwanangu. Baada, ni kazi ya majivu na maji."

Nakijwa aliivunja fimbo, akaitia motoni.

Tangu hapo akawa mtumwa wa tumbo la mbwa. Toka alipofumbua macho alimbeba nje. Alipolamba kifuu cha uji alimbeba nje. Alimpeleka mahali pamoja tu, nyuma ya nyumba, mwisho wa shamba. Nyasi za pale zilikuwa ndefu na zenye umande, mbwa mdogo hakupenda zimguse tumbo, kwa hiyo Nakijwa alizunguka na kuzunguka akizikanyaga mpaka zilale, na Toka akizunguka nyuma ya visigino vyake. Ndipo alipochuchumaa. Alipomaliza, Nakijwa alimwinamia usoni na kumwambia, "Vema, baba, vema!" kisha akaparua udongo kwa mguu wake kufunika.

Usidhani ilikuwa rahisi. Siku moja alifanya vema, siku ya pili vema, ya tatu akalowesha mkeka. Mvua iliponyesha hakutaka kutoka, alisimama kizingitini akinusa matone, kisha akageuka na kufanya mambo yake ndani. Wakati wa palizi Nakijwa alirudi nyumbani amechelewa, akakuta dimbwi karibu na mafiga. Alimeza hasira, akamwaga majivu, akasugua. Mtama ulikuwa umefika magotini. Aliketi chini na kulia.

"Hajifunzi, mama. Nimechoka. Hajifunzi."

"Na mtama wako," alisema Bibi Namcharo, "umewahi kuuona ukirefuka?"

Nakijwa alipangusa uso. Kisha akambeba Toka nje.

Mtama ukafika kiunoni, kisha ukampita mtu kimo. Madimbwi yakapungua, ingawa Nakijwa hakugundua siku yalipoanza kupungua. Ulipotoa masuke, ndege wakaja kwa makundi, na Bibi Namcharo, ambaye kwa zaidi ya mwaka hakuvuka kizingiti, alichukua mkongojo akasema anakwenda kuamia. Alikaa kwenye jua akipiga kelele, na Toka akikimbiza ndege asioweza kuwakamata. Wakati mwingine mbwa alijitenga, akaenda mahali pake mwisho wa shamba, akarudi. Bibi alimwambia, "Vema."

Siku ya ugali mpya ikafika. Mzee Senkondo alikuja na wazee, wakakaa wakiwa wamebanana kuzunguka moto, na yeye mwenyewe akaegemea mlango. Toka alilala miguuni pa Bibi Namcharo akiwa na wasiwasi, maana harufu ya wageni ilikuwa nyingi. Nakijwa alipakua. Macho yake yalikuwa kwa mbwa, hata mchuzi ukamwagika.

Wazee walikuwa katikati ya kula, ndipo Toka aliposimama. Alinusa sakafu. Akazunguka mara moja, akazunguka tena, kila mzunguko ukimsogeza karibu na mafiga. Tonge la Mzee Senkondo lilisimama njiani kuelekea mdomoni. Hakuna aliyetafuna. Nakijwa alitaka kumrukia ambebe, lakini magoti ya wazee yalikuwa kama ua mbele yake. Bibi Namcharo alifumba macho.

Toka akainua kichwa, akamtafuta Nakijwa kwa macho. Alipompata, aligeuka, akapita juu ya miguu ya wazee mmoja baada ya mwingine, akakanyaga nguo ya mmoja wao, akafika mlangoni. Njia ilikuwa imezibwa na mgongo wa mkuu wa ukoo. Akalia kidogo. Akakwaruza ubao kwa ukucha.

"Anataka nini?" Mzee Senkondo aliuliza.

"Anaomba njia, baba," Nakijwa alisema, na sauti ilimtoka kama ya mtoto.

Mzee Senkondo aliweka tonge chini. Alinyanyuka polepole, akafungua mlango. Toka alichomoka, na wazee wote, kwa udadisi, wakatoka nyuma yake na mikono yenye mchuzi. Wakamwona akienda mwisho wa shamba, akizunguka na kuzikanyaga nyasi, kisha akichuchumaa huku amemkazia Nakijwa macho. Alipomaliza, aliparua ardhi kwa miguu ya nyuma kwa juhudi kubwa. Hakufunika chochote. Udongo wote ulimrukia mkuu wa ukoo kifuani.

Mzee Senkondo akajipangusa, akasema, "Ameomba ruhusa. Wajukuu zangu hawaombi." Akaanza kucheka, na wazee wakacheka mpaka mmoja akashika mbavu.

"Vema, baba, vema!" Nakijwa alimwambia Toka, kisha akaketi palepale kwenye nyasi. Mzigo ambao aliubeba tangu kupanda ulimshuka mara moja, hata akajihisi mwepesi kama mtu aliyepona homa. Toka alimjia akamlamba masikio. Kutoka mlangoni Bibi Namcharo aliwaita wageni warudi kula, ugali unapoa, na akawaita kwa sauti kubwa iliyosikika hadi ng'ambo ya bonde.

Watu wa ukoo ule wakaanza kufuga mbwa, na wa vijiji vya jirani wakaja kuomba watoto wa Toka. Na kuanzia hapo hadi leo, mbwa huzunguka akikanyaga nyasi kabla ya haja yake, hata pasipo na nyasi. Huparua ardhi akimaliza, ingawa hafuniki kitu. Na mtoto wa mbwa hauelewi mlango kwa siku mbili tatu. Huchukua muda wa mtama, tangu mbegu hadi suke, na fimbo haijawahi kuufupisha. Ukimwona amechuchumaa huku anakukazia macho, usigeuze uso kwa kinyaa. Anangoja neno lake. Mpe.