Filimbi ya Aliyepotea

Wapendwa, tukae vizuri kwanza. Mama mwenye mtoto pale nyuma, usitoke. Kelele zake hazinisumbui hata kidogo. Nitawapa mfano mfupi, na nitausema polepole.

Kulikuwa na mwindaji mmoja aliyeishi kando ya bwawa lenye matete mengi. Aliwinda bata mwitu kwa bunduki, na nyumba yake ilikula kwa kazi hiyo. Lakini bata wa pale walikuwa wameerevuka. Akiingia tu majini, wanahamia ng'ambo. Basi akaenda kwa fundi mmoja aliyechonga filimbi za kuitia bata.

Fundi akamwekea filimbi tatu mkekani. Akapuliza ya kwanza, nene, ya kukwaruza. "Hii inasema: chakula kipo."

"Bata wa kwetu wameshiba, fundi."

Akapuliza ya pili, nyepesi kama kicheko. "Hii inasema: tuko wengi, njooni."

"Hiyo wameshaijua. Huna nyingine?"

Fundi akasita, kisha akapuliza ya tatu. Kuku uani wakaacha kuparura. Ilikuwa sauti ya kiumbe aliyebaki nyuma, giza linaingia, na wenzake wameshaondoka.

"Hii inasema: nimepotea."

"Nipe hiyo hiyo!"

"Ngoja, bwana. Hii haipigwi kwa mapafu peke yake. Usipokumbuka siku uliyopotea wewe mwenyewe, itatoa upepo tu."

Mwindaji alikuwa na siku ya kukumbuka. Alipokuwa mdogo mama yake alizikwa, na watu walipotawanyika walimsahau makaburini. Alilia pale peke yake mpaka koo likakauka. Basi akaichukua siku ile, akaitia ndani ya filimbi.

Na bata wakaja. Wakazunguka juu ya matete wakimtafuta mwenzao anayelia, wakatua mbele yake kabisa, shingo zimenyooka. Akawapiga wakiwa bado wanatafuta.

Alifanya hivyo asubuhi baada ya asubuhi, mpaka filimbi haikuhitajika tena. Koo lenyewe lilijua. Nyumbani mkewe alimcheka: "Baba watoto, hata chumvi unaniomba kwa sauti ya bata! Hebu niite kama mtu." Wakacheka wote wawili. Lakini dada yake alipofariki, mwindaji alikaa matangani na macho makavu, na mkewe siku hiyo hakucheka.

Kisha ikaja asubuhi ya ukungu mzito. Mwindaji alikanyaga mahali alipodhani ni pagumu, tope likamfika kifuani. Bunduki ikazama. Naye akaanza kushuka taratibu, kama mtu anayevutwa miguu na mikono isiyo na haraka.

Akasikia kasia likigusa maji. Ni jirani yake, rafiki yake tangu utoto, naye amekuja kuwinda. Mwindaji akafungua kinywa aseme, "Nisaidie!"

Kikatoka kilio cha bata.

Akajaribu tena. Kilio kile kile, kizuri, hakina kosa.

Mtumbwi ukasimama. "Nani huko?" jirani akauliza. "Kama ni mtu, sema! Huku wawindaji ni wengi, mimi sitaki kuua mtu."

Aliye topeni akatafuta jina la jirani yake, hakulipata. Akatafuta jina lake mwenyewe. Akatafuta basi hata kilio cha yule mtoto wa makaburini, maana hicho angalau kilikuwa cha mtu. Alikuwa ameshakitumia chote. Kinywa kikafunguka, na bata akalia.

"Haya," jirani akasema, kwa upole kabisa. "Ni bata." Akainua bunduki kuielekea sauti.

Mnanitazama. Mnataka kujua kama ile bunduki ililia. Ililia, wapendwa.

Sasa tusimlaumu jirani. Jirani aliuliza. Tujiangalie sisi. Ukitaka siri ya mwenzako, si unaanza kwa kumdondoshea machozi yako kidogo, ili naye afunguke? Ukitaka usamehewe kabla hujatubu, si ndipo kichwa kinapoanza kuuma? Na lile kaburi la mama yako, umelitoa mara ngapi mbele za watu, kwa sababu ulijua wataacha walichokuwa wanakudai wakuonee huruma? Yalikuwa maumivu ya kweli. Hapo ndipo ubaya ulipo. Hatukutumia uongo kuwa chambo. Tulitumia kitu cha kweli tulichokuwa nacho.

Mtaniambia, "Lakini Mungu anaijua sauti yangu." Ndiyo, anaijua. Aliijua kabla hujaigeuza. Ila mkeo hana masikio ya Mungu. Mwanao hana. Jirani yako kwenye ule mtumbwi hana. Wao husikia kile tu unachowapa, na siku utakapozama, ni wao watakaokuwa karibu.

Kwa hiyo leo ukifika nyumbani, kabla hujala, mwite mtu mmoja kwa jina lake, na usitake chochote kwake. Labda sauti itakwama. Labda itatoka mbaya, yenye kigugumizi, na watoto watakushangaa. Usiirekebishe. Iache itoke hivyo hivyo.