Malkia wa Mchwa Ni wa Nani?

Sogeeni karibu. Mwenye tabia ya kudhulumu akae mbali, maana hadithi hii itamchoma.

Mwaka ule kiangazi kilikuwa kikali, mchwa wakajichimbia chini kabisa. Fisi Mdogo, yule asiyekula nyama, alijaliwa masikio: mchwa wakitembea ardhini, anawasikia. Mama Muhanga alijaliwa kucha za kuvunja udongo mkavu. Kakakuona alijaliwa magamba. Mchwa askari wamng'ate watakavyo, hana habari.

Mama Muhanga alikuwa na mtoto mchanga, na maziwa yalikuwa yamemkaukia. Malkia wa mchwa, mnono kupita kiasi, ndiye pekee angeyarudisha.

Watatu hao wakaenda kumtafuta pamoja, bila kuagana nani atamla. Fisi Mdogo akazunguka vichuguu vyote ametega sikio. "Hapa!" akasema. "Vingine ni vitupu."

Mama Muhanga akachimba, mtoto akilia pembeni. Akachimba mpaka kucha zikatoka damu, akafika kwenye kitundu kisichompitisha hata bega.

Kakakuona akajipenyeza humo. Askari wakamvamia puani na machoni, kusiko na magamba. Akatoka amevimba uso, amemkumbatia malkia kifuani.

Sasa, kwa walamchwa malkia hagawanywi. Ukimkata, mafuta yote yananywewa na udongo. Ni wa mdomo mmoja.

"Bila masikio yangu mngechimba mpaka kesho!" akasema Fisi Mdogo.

"Na bila uso wangu huu?" akafoka Kakakuona. "Nani alimtoa?"

"Ala! Mlango alifungua nani?" akauliza Mama Muhanga.

Fisi Mdogo akalegeza sauti. "Basi, dada, omba. Una mtoto, tutakuonea huruma."

Mama Muhanga akamgeukia kwa hasira. Aombe? Yeye?

"Niombe jasho langu mwenyewe? Tazameni kucha hizi! Mlipotaka kichuguu kivunjwe, mbona hamkuniita maskini?"

Kwa ukali wa sauti ile Kakakuona akashtuka, akajikunja kama ilivyo desturi ya ukoo wao, duara lisilofunguka, malkia ndani.

"Sifunguki," akasema humo ndani, "mpaka niambiwe malkia ni wa nani!"

Mtoto bado analia. Malkia naye hatadumu humo. Je, wewe ungeamua vipi? Na wewe uliyekwisha sema apewe mama: unampa haki yake, au nawe unamwonea huruma?