Pipa Lililonyamaza

Ndugu zangu, nawapa mfano ambao hamtaupata kwa mhubiri mwingine, hata mkiizunguka Dodoma nzima kwa baiskeli. Palikuwa na mkulima mmoja kule upande wa Hombolo, yeye na mkewe, wana ekari moja ya mizabibu. Dawa ya dukani hawaijui. Mbolea yao ni samadi ya ng'ombe wao wenyewe. Na hiyo divai nyekundu waliyotengeneza! Nzi akitua tu kwenye mdomo wa chupa tupu, analala siku tatu, na akiamka anaimba.

Mwaka mmoja Askofu akaleta neno: sikukuu ya parokia, divai ya altareni itoke kwao. Tangu hapo mkulima akawa anaishi nusu duniani, nusu mawinguni. Anapalilia, huku anamwona Askofu akiinua kikombe na jua linapita katikati ya ule wekundu. Mkewe akimuuliza chumvi iko wapi, anajibu, "Amina."

Zabibu zikaiva. Mke yuko msibani kwa dada yake, mume yuko peke yake. Akazitazama: zina vumbi la upepo wetu huu, na juu ya ganda kuna ule unga mweupe kama jivu. Akashtuka. Askofu anywe vumbi? Akachota maji madumu ishirini, akaziosha mara tatu, akazichovya kwenye maji ya moto, kisha akafuta punje moja moja kwa kitambaa, kama mama anavyomfuta mtoto makamasi. Akazikanyaga, akajaza pipa, akaketi kando yake.

Sasa, zabibu zikishakamuliwa, baada ya siku mbili hivi juisi huanza kuchemka yenyewe bila moto, na pipa huanza kuongea. Hunong'ona kama mvua inayokuja kwa mbali. Mkulima akaegemeza sikio, akafumba macho. Siku ya pili, kimya. Ya tatu, kimya. Alasiri ya siku ya nne akasinzia palepale, akaota amekaa kando ya mto mpana, mwekundu, unapita bila sauti hata kidogo. Samaki wanafungua midomo, hawasemi kitu.

Aliyemwamsha ni mkewe, ndiyo kwanza anarudi, kitenge bado kiko begani.

"Baba Ndahani, wewe unalisikiliza pipa au pipa linakusikiliza wewe?"

"Halichemki, mama. Siku ya nne leo! Na nimelifanyia usafi ambao hata hospitali hawana."

"Usafi gani tena?"

Akamweleza, kwa maringo, mpaka habari ya kitambaa. Mke akashika kiuno.

"Kitambaa! Mume wangu, ule weupe kwenye ganda ndiyo chachu yetu. Umeifuta yote. Hapa una juisi tu, na keshokutwa itaoza."

Mkulima akaporomoka chini kama gunia lililokatika kamba. Kazi ya msimu mzima! Na Askofu je? Mke hakungoja machozi. Akaingia shambani, akachuma vichala vilivyobaki mitini, vumbi tele, vingine vimedonolewa na ndege, akavikanyaga, akavimimina pipani.

"Unanichafulia divai ya Askofu!"

"Naiamsha."

Kesho yake mchana pipa likanguruma mpaka kuku wakahama uani.

Mnacheka? Haya, tujitazame. Dada, umelia njia nzima asubuhi hii. Umefika getini, umejipaka poda. Baba, hujasema na mwanao mwaka wa pili sasa, lakini hapa umenyoosha tai. Tumejifuta punje moja moja, tumejaa humu tunang'aa, halafu tunamuuliza Mungu mbona mioyo yetu imenyamaza! Achemshe nini, ndugu zangu? Kile ambacho angekitumia kutugeuza, si ndicho tulichoona aibu kuja nacho?

Basi tusimame tuombe. Na leo mtu asianze na shukrani. Aanze na kinachomuuma.