Kindi na Nyegere Aliyesema "Utaitwa"

Hadithi, hadithi!

— Njoo!

Ndiyo nini hiyo, mnanong'ona kama mna deni? Hadithi yangu ina maringo, haiji mpaka iitwe. Iiteni!

— Hadithi, njoo!

Sijasikia.

— Hadithiii, njooo!

Haya, imeitika, imekuja na mkia wake. Kaeni vizuri mmenye karanga. Na wewe Mwanamvua, mwana wa kaka yangu, uliyerudi kutoka kwenye usaili juma lililopita, weka hiyo simu chini unisikilize. Simu hailii kwa kutazamwa.

Hapo kale wanyama wa bonde moja walikuwa na pango la asali. Kiangazi kila mmoja alileta fungu lake, ili masika yakija na njaa yake, wote wale. Pango likataka mlinzi. Wakamwambia Nyegere, kwa kuwa ana nguvu na meno: "Wewe tutafutie mlinzi. Ukimpata, panda kichuguu umwite kwa jina, bonde zima lisikie. Atakayeitwa kutoka kichuguuni, kazi ni yake, na haitenguliwi."

Loo! Nyegere na asali, si ni kumkabidhi fisi bucha? Mlinzi akipatikana, yeye atalamba nini? Basi akawa anafanya usaili, na usaili hauishi.

Akaja Digidigi na kibuyu cha asali, maana muomba kazi haendi mikono mitupu.

"Umewahi kulinda asali?"

"Bado, mzee. Ndiyo kwanza naanza."

"Utaanzaje kazi hujawahi kuifanya? Hebu lete hicho kibuyu." Nyafu, nyafu, nyafu! Akajilamba. "Nenda nyumbani. Utaitwa."

Akaja Pimbi na kibuyu chake.

"Umewahi kulinda asali?"

"Bado, mzee. Ndiyo kwanza naanza."

Nyafu, nyafu, nyafu! "Nenda nyumbani. Utaitwa."

Akaja Karunguyeye na miba yake, naye vile vile. Nyafu, nyafu, utaitwa. Akaja pia Mkiafagio, baba yake Kindi. Naye akaambiwa utaitwa, tena kwa kupigwapigwa begani.

Mkiafagio akaamini, masikini. Jioni ile akakaa mlangoni pa shimo lao la mti, sikio kalielekeza kichuguuni, "naam" iko tayari ulimini. Akamkataza mkewe na mwanawe kupasua kokwa ovyo. "Taratibu jamani! Nikiitwa nisisikie je?" Nyumba nzima ikawa inatafuna kwa kuibia. Masika yakaja yakapita, kiangazi kikaja kikapita, yeye yuko pale pale mlangoni. Siku moja akalala sikio likielekea kichuguuni, na hakuamka tena.

Sasa Kindi amekua. Ile kazi anaitamani, jamani, anaitamani mpaka kifua kinamuuma. Wala si kwa ajili ya asali. Ni kwa ajili ya mama yake, ambaye mpaka leo anatafuna kwa kuibia. Upepo ukivuma kidogo tu, mama anainua kichwa.

"Shh! Wanaita?"

"Hapana, mama. Upepo."

"Aa. Upepo."

Halafu anainama, anaendelea kutafuna polepole. Kindi alitaka jambo moja tu duniani: mama yake asikie nyumba ile ikiitwa, kabla na yeye hajalala.

Akajaza kibuyu. Mama akamchana mkia, akampangusa uso kwa mate. "Ukiulizwa, jibu. Usimtazame mkubwa machoni sana. Na usiingie kwa watu bila kuitwa, mwanangu, watasema hukulelewa."

"Nimesikia, mama."

Choro, choro, choro! Kindi akafika, akapanda mti ulioinamia mlango wa pango, akakaa kwenye kitawi chembamba kisichoweza kumbeba mwingine.

Nyegere akatoka, tumbo mbele. "Umewahi kulinda asali?"

"Nimeilinda hii kutoka kwetu mpaka hapa, mzee. Sijala tangu jana, na sikuionja."

Nyegere akakodoa macho. Jibu hilo hakuwahi kulipata. "Haya, haya, shuka nayo niione."

"Mama kanikataza kuingia kwa watu bila kuitwa. Niite tu, mzee wangu."

"Kindi, njoo."

"Sijasikia."

"Kindi, njoo!"

"Sijasikia, mzee. Masikio ya kwetu yana kasoro. Yamesikiliza kichuguu siku nyingi mno, sasa hayasikii kwingine."

Akakiinamisha kibuyu kidogo. To! Tone likamwangukia Nyegere puani. To! La pili hilo. Nyegere akailamba pua, akalamba na masharubu, mate yakamtoka churuchuru. Mlafi akishaonja, haoni mbele wala nyuma. Kichuguu akakiona, desturi akaisahau. Akapanda.

"Kindi..."

"Sijasikia."

"Kindi wa Mkiafagio, njooooo!"

Mara ng'ambo ya pili, kutoka kwenye shimo la mti, sauti ya kike iliyokauka ikapasuka:

"Abeeee!"

Kindi alipoisikia, nusura aanguke yeye na kibuyu chake.

Wanyama wakaja mbio, kishindo puku puku puku, Nyati mbele. "Kaitwa nani? Kaitwa nani?"

"Nimeitwa mimi," Kindi akasema, akashuka.

Nyegere akanyoosha mkono. "Lete!"

"Siwezi, mzee. Umeniajiri nilinde asali. Na hii ni asali."

Nyati akacheka mpaka pembe zikatikisika. "Mlinzi kasema!" Wakachungulia pangoni wakakuta masega makavu na alama za ulimi mpaka ukutani. Walipogeuka, Nyegere hayupo. Ndiyo maana hadi leo anajitafutia asali mwenyewe, na nyuki hawamsazi.

Unadhani mlinzi mpya alianza na nini? Alipanda kichuguu.

"Digidigiii!"

"Naam!"

"Pimbiii!"

"Naam!"

"Karunguyeyeee!"

"Naam! Naam! Nakuja!" Wakaja wanakimbia, wanalia, wanacheka. Pango lilikuwa kubwa, kazi ya ulinzi ikawatosha wote.

Kindi akabaki juu ya kichuguu. Akaita: "Mkiafagiooo!"

Kimya.

Akaita tena, na safari hii sauti ilimkatika katikati. "Mkiafagiooo! Baba!"

Kule ng'ambo mama yake akakaza koo, akatafuta sauti nzito ambayo haikuwa yake, akaitika: "Naaaam!"

Jioni Kindi akashika njia kurudi kwao. Kabla hata hajauona mti, akasikia kwa! kwa! kwa! Mama yake amekaa mlangoni, anapasua kokwa, maganda yanaruka huku na huku.

Hadithi mliiita ikaja. Sasa naifungulia mlango irudi kwao, na atakayeitaka tena aiite kwa nguvu.

Funzo lake, wanangu, ni hili: ukienda usaili ukaambiwa "utaitwa", rudi nyumbani, tulia, subiri. Mvumilivu hula mbivu. Mkiafagio si alisubiri? Na si mwishowe aliitwa? Aliitwa, tena mara mbili. Ni yeye tu ndiye hakuwepo.

Mwanamvua, mbona karanga zako unazitafuna kimya kimya hivyo? Tafuna, mwanangu, usikike. Kesho asubuhi nitakuchana nywele, urudi pale ofisini kwao ukakae mlangoni mpaka wakuite.