Thumuni ya Bi Hadia

Sogeeni, na mwenye usingizi akalale kwao. Leo sina sungura wala fisi. Nina kompyuta moja na watoto watatu wa marehemu Mzee Kombo wa Wete.

Faki alijaliwa jicho. Katika video zake kila bibi harusi aling'aa kama mwezi wa kumi na nne, hata aliyekuja na chunusi. Mize alijaliwa kichwa. Hakuna kompyuta iliyomshinda. Riziki, kitinda mimba, alijaliwa mkono. Alichora nakshi za kofia kwenye kompyuta, mashine ikazidarizi.

Baba yao alipofariki, kompyuta yake ikawa mirathi. Haikatwi kama muwa, na hakuna aliyetaka iuzwe. Basi Mize akaigawa diski yake vyumba, kama nyumba ya kupanga, kwa hesabu ya sheikh: mjane thumuni, yaani fungu moja kati ya manane, kisha katika kilichobaki mwanamume mafungu mawili, wanawake fungu moja moja. Kila mtoto akaweka mfumo wake: Faki Windows mpya, Mize Linux, Riziki Windows ya zamani, maana mashine yake ya kudarizi haikuelewana na Windows nyingine. Ukiiwasha, kompyuta huuliza unaingia chumba kipi.

Thumuni ya mama yao, Bi Hadia, haikuwa na mfumo. Zilikaa humo video alizopigwa na Faki miaka na miaka, akisimulia hadithi. Mize akauficha humo humo ufunguo wa mlango wa mbele, yaani ile orodha ya vyumba inayotokea ukiwasha. Hakumwambia mtu, alijua cha mama hakiguswi.

Kisha Bi Hadia akapata kiharusi. Mkono mmoja ulipona, ulimi ukafungika. Sauti yake ikabaki ndani ya diski tu. Kila alasiri walimfungulia, akajisikiliza huku akitabasamu.

Siku moja chumba cha Riziki kikajaa. Windows yake haikuijua lugha ya chumba cha mama; ikamwonyesha chumba kisicho na jina, akadhani ni kitupu. Akakifuta, akaingiza nakshi zake chache, akazima. Kuwasha tena, kioo cheusi. Watoto watatu wamefungiwa nje, na mama yao kafungiwa ndani.

Faki alidhani ni maradhi ya mashine, akataka kuweka Windows upya juu ya kila kitu. Riziki angeweza kunyamaza, na asingejulikana milele. Akaushika mkono wa kaka yake. "Kaka, usiguse. Mimi ndiye niliyekifuta chumba cha mama."

Mize akaiwasha kompyuta kwa flashi. Akawaeleza kwamba chumba kilichofutwa hakiwi kitupu papo hapo. Vitu vyake hukaa mpaka mpangaji mwingine aingize kitanda. Akachambua mabaki mchana kutwa, macho yakamvimba, akazikuta hadithi karibu zote. Lakini zilitaka kuhamishiwa mahali pengine, na nafasi hapakuwa.

Diski nyingine ingeagizwa Unguja, ije baada ya siku kadhaa, na Bi Hadia, tangu sauti ya kwenye video ilipokatika, hakuwa ametia kitu kinywani. Chumba cha Faki kilijaa harusi ambazo wenyewe hawajakabidhiwa. Harusi hairudiwi. Faki akazifuta zote, akatoka nje akalia.

Alasiri ile hadithi ikafunguka. Bi Hadia akanywa uji wote. Kisha kwa mkono wake mzima akavua bangili iliyokuwa kwenye mkono uliokufa, bangili ya harusi yake, akaiinua mbele ya wanawe, zawadi ya aliyemrudishia sauti yake.

Faki akasema ni yake, maana aliyepoteza ni yeye. Mize akamjibu kwamba kupoteza si kazi, tena kapoteza vya watu. Riziki akamwuliza dada yake nani alificha ufunguo bila kumwambia mtu. Mize akawaka. "Aliyechoma nyumba hasifiwi kwa kuita watu." Riziki akasema kwamba asingeita, wangezima nini?

Bi Hadia aliwatazama mmoja mmoja. Midomo ilicheza, jina halikutoka. Mimi namwonea huruma yule mama kuliko wote.

Na kwenye kioo, Bi Hadia wa zamani akafika mwisho wa hadithi yake, akainua kidole kama alivyozoea. "Haya, wanangu, nyinyi mngempa nani?"

Bangili ingali juu, mkononi mwa mama. Je, wewe ungemvisha nani?